Kaseti Iliyomezwa

Griftu, 9 Juni 1997

Kwa Injinia Aweys,
Banda la Redio, Garissa.

Assalaam alaykum.

Kwa moyo mzito, na baada ya kushauriana na wazee wa mji, nasikitika kutangaza kifo cha ghafla cha redio kaseti ya Mwalimu Bare, kilichotokea nyumbani kwake Griftu Jumatano iliyopita, muda mfupi kabla ya swala ya alasiri. Marehemu alikuwa na umri wa miaka sita. Ameacha mawe manane ya betri, antena moja ya seng'enge, na mwalimu mmoja. Mazishi hayatakuwapo, kwa sababu mwili unaletwa kwako na Maow katika lori lake la mbuzi, ukiwa umefungwa ndani ya blanketi langu. Blanketi nalitaka.

Sasa nikuamkie kama binadamu. Hujambo, walaal, ndugu yangu? Uliniuliza safari iliyopita kwa nini sisi wawili, Wasomali watupu, tunaandikiana kwa Kiswahili. Kisomali nakisema hata usingizini, lakini kukiandika sikufundishwa, na wewe ulikaa dawati moja na mimi. Walaumu walimu. Kisha kumbuka kwamba mimi pia ni mwalimu, unyamaze.

Unajua redio ile haikuwa yangu peke yangu. Hapa mtu akiwa na mwanawe Ulaya au Kanada haletewi barua, maana nani atamsomea? Huletewa kaseti. Kijana hukaa huko akaongea saa nzima, akasalimu ukoo wote kwa majina, kisha ngamia. Kaseti ikifika inaletwa kwangu, kwa kuwa mashine yangu ndiyo inayocheza na kurekodi. Baada ya alasiri viatu hujaa mlangoni, mwenye kaseti hukaa mbele, nami nabonyeza. Tangu mke wangu Faay afariki, hizo ndizo sauti za watu zilizobaki katika nyumba hii.

Kuhusu sababu za kifo, kuna kitu lazima nikiri kabla hujafungua. Mkanda wa ndani, ule wa mpira unaozungusha kaseti, ulikatika mwezi wa nne. Nikafanya ufundi. Nilichomoa lastiki kutoka katika vazi ambalo mtu wa makamo halitaji kwenye barua, nikaikata, nikaifunga fundo. Ilizunguka, wallahi, ila polepole. Ikaletwa kaseti ya Hamda kutoka Toronto. Hamda ni binti wa miaka ishirini na miwili, lakini mashine ilimtoa kama mzee aliyemeza mchanga. Mama yake, jirani yangu Rukiyo, alishika kichwa: "Maalim, mwanangu koo limeoza!" Msichana akasomewa dua pale pale chumbani mwangu. Nami nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Ningefanyaje? Ningeanza vipi kuwaeleza habari za lastiki?

Jambo la mwisho, dogo tu. Mdomoni mwa redio kuna kaseti. Imemezwa, utepe umejisokota ndani, sikuthubutu kuivuta. Ni kaseti ya Abdikafi. Ndiyo, mwanangu. Ya kwanza tangu aondoke kwenda Kanada miaka minne iliyopita. Itoe kwa upole, uiunganishe. Huna haja ya kuisikiliza. Ni mambo ya nyumbani.

Mfiwa wako,
Bare


Garissa, 21 Juni 1997

Maalim Bare,

Waalaykum salaam. Maiti imepokelewa na kupasuliwa. Chanzo cha kifo: chupi.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na minane. Ndani ya redio nimekuta mende, kokwa za tende, jino la mtoto, na mara moja karatasi ya talaka. Nguo ya ndani ya mtumishi wa Serikali ndiyo mara ya kwanza. Nimeitundika ukutani, na kila mteja anayelalamika kwamba redio yake inasumbua namwonyesha kwa kidole: tazama, wenzako wamefika wapi. Jina lako sijalitaja. Nimesema tu ni mwalimu, wa Griftu, mrefu, mwenye pengo.

Blanketi lako linanuka mbuzi kiasi kwamba jana mtu alisimama mlangoni kuniuliza ninao wangapi.

Mkanda mpya nimeukata kutoka mpira wa baiskeli, nikaupima kwa uzi. Mbio zake ni sawasawa. Kichwa cha kusomea nimekisafisha kwa manukato ya mke wangu Ruweyda, naye hajajua, basi ukimwandikia usimshukuru.

Sasa utani kando. Niliposoma jina la Abdikafi niliweka bisibisi chini. Nilikuwapo stendi siku ile alipoondoka. Nilisikia ulichomwambia, na nimeona ulivyoishi tangu siku hiyo. Miaka yote hii watu wakikuuliza unasema anaandika, anaandika, barua zinakuja na posta. Sikuwahi kubisha. Sasa amezungumza kwa mdomo wake. Alhamdulillahi.

Utepe umekatika mahali pawili na mahali pengine umekunjamana kama uso wangu. Nitaukata kwa wembe, niunganishe kwa selotepu nyembamba, niuhamishie kwenye gamba jingine. Lakini kaseti si sufuria, huwezi kuitazama ukajua imepona. Lazima isikilizwe. Nipe ruhusa, hata ya dakika moja. Na kama kuna jambo ungependa kuniambia kabla sijabonyeza, niambie.

Ndugu yako,
Aweys


Griftu, 3 Julai 1997

Injinia,

Ruhusa imekataliwa.

Usibonyeze hata nusu dakika. Kijana amesema mambo ya siri. Pia ana mafua, utasikia vibaya. Pia lafudhi yake imebadilika, hutaelewa. Unganisha tu, na Mungu akijalia itacheza. Asipojalia, ndivyo ilivyoandikwa.

Nyumba imekuwa kimya namna ambayo sikuitegemea. Watu wanapita. "Maalim, imerudi?" "Bado." Wanapita. Wenye kaseti mpya wameziweka kabatini wakisubiri. Juzi alasiri nilijikuta nimepanga viatu vyangu mlangoni, jozi zote tatu, nikaketi ndani nikivitazama. Viwili ni vya mguu mmoja, ile jozi ya pili. Sikumbuki hata niliipata wapi.

Wanaoingia huingia kwa swali moja. Habari ya kaseti ya Abdikafi imefika mpaka visimani. "Amesema nini?" Mwanzo nilijibu, anawasalimu. Haikutosha. Mzee Sakariye akauliza anafanya kazi gani, nami nikasikia mdomo wangu unasema kiwanda cha samaki. Samaki, Aweys! Mtoto huyu hajawahi kula samaki maishani mwake. Fartun mwenye duka akauliza kama ameoa. Nikasema sehemu hiyo ndiyo iliyomezwa.

Naona unavyocheka. Cheka, lakini rudisha mashine.

Bare


Garissa, 20 Julai 1997

Maalim,

Redio imepona. Anakuletea Maow, ameapa haitakaa na mbuzi.

Kuhusu kaseti, pole. Nimejaribu kila njia niijuayo. Utepe umeunganika, lakini sauti imefutika. Waambie watu hivyo, kwamba fundi wa Garissa amesema hakuna tena kitakachosikika, na kwamba kosa ni la mashine. Hakuna atakayekuuliza zaidi. Mtu haulizwi maneno yaliyofutika.

Nimebaki nayo hapa. Acha ikae kwangu kidogo.

Unakula vizuri? Mawe ya betri yakichoka usiyatupe, yaanike juu ya bati asubuhi, yatakupa siku mbili tatu zaidi.

Aweys


Griftu, 11 Agosti 1997

Injinia,

Mashine imefika, na inaimba. Jambo la kwanza nililofanya ni kurudia kaseti ya Hamda mbele ya Rukiyo. Ikatoka sauti ya msichana, safi kama maji ya mtungi. Rukiyo akalia tena, safari hii kwa furaha, na sasa mji mzima unajua kwamba dua iliyosomwa chumbani mwangu iliponya koo Kanada. Kuna mama kutoka Wajir amekuja na mtoto mwenye kikohozi. Nimempa chai.

Viatu vimerudi mlangoni.

Nikawaambia kama ulivyoniagiza: fundi amesema imefutika. Nilitegemea watikise vichwa, tuendelee. Badala yake walikaa matanga, wote, kama mtu amekufa. Fartun akaniletea maziwa ya ngamia. Mzee Sakariye akanishika mkono bila kuuachia. Halafu Rukiyo akasimama: "Maalim, weka kaseti tupu. Nitamwambia Hamda. Si wako huko huko Toronto? Wasomali wa huko wanajuana. Atamtafuta Abdikafi amwambie kaseti yake imeliwa na mashine, aseme tena yale aliyosema."

Kila mtu akasema ndiyo, ndiyo, weka Maalim. Na mimi, Aweys, kwa kidole changu hiki, nikabonyeza kile kitufe chekundu. Nikashika redio isiteteme wakati Rukiyo anasema. Nikaitoa kaseti. Nikaandika anwani ya Hamda kwenye bahasha, kwa sababu mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri.

Imeondoka na posta jana. Tangu jana sijala.

Bare


Garissa, 30 Agosti 1997

Maalim,

Nimesoma. Kula.

Nipe hiyo anwani ya Hamda. Kuna kipuri nakitafuta ambacho hapa hakipatikani, labda yeye atakiona huko.

Aweys


Griftu, 14 Septemba 1997

Anwani iko nyuma ya karatasi hii. Nenda naye taratibu, ana kazi mbili, na sasa ana kazi ya tatu ya kumtafuta mtu asiyejua anatafutwa kwa nini.

Hakuna kingine cha kukuambia. Yaani kipo, lakini kalamu hii haikitaki.

Bare


Garissa, 18 Januari 1998

Maalim Bare,

Ramadhani karim. Sijui kama uko hai, nawe hujui kama mimi niko. Miezi mitatu ya mvua! Mto umekuja mjini kufanya ununuzi. Banda langu lilikuwa na maji mpaka magotini, redio nilizitundika darini kama nyama. Lile vazi lako lililoko ukutani halikulowa. Barabara ya kwenu hakuna gari linalothubutu, basi barua hii nimempa daktari wa mifugo anayepanda ndege ya chakula cha msaada.

Nimefunga, na mtu aliyefunga hafai kudanganya, kwa hiyo sikiliza.

Niliisikiliza kaseti. Niliuunganisha utepe na kuisikiliza siku ile ile redio ilipofika, kabla hata sijakuomba ruhusa. Nilikuomba ruhusa ili upate nafasi ya kusema, nawe ukaniletea mafua na lafudhi.

Nilitegemea sauti ya Abdikafi. Ikatoka sauti nyembamba, mbio mbio, kama mtoto wa madrasa anayekimbilia kumaliza sura: "Abdikafi, ni mimi, aabo, baba yako." Nilicheka, wallahi, mpaka jirani akachungulia. Kisha nikaelewa. Mashine yako ilikuwa inarekodi polepole kwa ile lastiki, na kaseti ya namna hiyo ukiicheza kwenye mashine nzima, inakimbia. Nikacheka tena. Kisha ukafika mahali uliposema: "Nilikuambia usirudi kabla hujawa mtu. Rudi hivyo hivyo. Mimi mwenyewe sijawa." Nikafunga banda siku hiyo.

Haikufutika hata neno moja. Nilikuambia imefutika ili uwe na la kuwaambia watu. Nilidhani nimekusaidia, kumbe nimekuletea Rukiyo na kitufe chekundu. Ndipo nikaomba anwani. Hakukuwa na kipuri. Nilimtumia Hamda kaseti yako mwezi wa tisa, kabla mvua haijaanza, nikamwandikia ni ya nani na ni ya kumpa nani. Sikukuuliza. Ningeweza kuirekebisha sauti kwanza, nikaicheza polepole na kuinakili. Sikutaka kuigusa.

Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Barabara imekatika, una muda wa kutosha.

Aweys


Griftu, 22 Februari 1998

Aweys, walaal,

Leo sitangazi kitu. Nataka kukuambia ilivyokuwa, yote, kisha tusiandikiane uongo tena, isipokuwa ule mdogo wa kawaida.

Siku ile ya mwezi wa sita shule ilitoka mapema. Hakuna aliyekuja na kaseti. Nimewarekodia watu miaka sita: "Haya mama, sema, inazunguka." Nikajiuliza kwa nini mimi sijawahi kusema. Jibu nililijua: sikuwa na anwani. Kadi moja tu aliileta, mwaka wa tisini na nne, ina picha ya mnara na maneno "niko salama." Barua nilizokuwa nikiwatajia watu hazikuwapo. Barua ni rahisi kuidanganyia, unasema imekuja na hakuna atakayekudai aione. Kaseti kila mtu anaidai.

Basi nikafunga mlango, nikaweka kaseti tupu, nikabonyeza chekundu. Nikaongea na kitambaa cha spika dakika kumi na tatu, kumi na nne. Lastiki ikateleza. Mashine ikakoroma, ikaanza kuvuta utepe ndani. Nilikuwa nimepiga magoti, penseli mkononi, nikijaribu kuuokoa, na sikukuambia kwamba nilikuwa nalia. Nilikuwa nalia. Hapo Rukiyo akafungua mlango na kibuyu cha maziwa. Akatazama redio, akanitazama mimi. "Maalim, hiyo ni kaseti ya Abdikafi?" Alishajibu mwenyewe kwa uso wake, na ulikuwa uso wa furaha. Nikasema ndiyo. Ndivyo ilivyoanza.

Barua yako ilinifikia siku mbili baada ya Idd. Nilikukasirikia tangu adhuhuri mpaka alasiri. Kisha nikaisoma tena.

Juzi Ijumaa Rukiyo akaja anakimbia, kaseti imeshikwa juu. Ya Hamda. Watu wakamfuata kutoka sokoni, chumba kikajaa, wengine dirishani. Sasa nakuambia jambo ambalo nalionea haya kuliko lile vazi. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Nilisema ngoja nikague mashine kwanza, nikaigeuza, nikafungua kifuniko cha nyuma, na kidole kilikuwa tayari juu ya mkanda wako. Kuuvuta kidogo tu. Ningesema imekufa tena, pole sana. Mkanda ulikuwa umekazwa vizuri mno, na juu yake uliandika kwa kalamu, herufi ndogo ndogo, "Bare, usiguse." Nikafunga kifuniko. Nikabonyeza.

Hamda alisalimu watu wote. Alisalimu mpaka punda. Kisha akasema: "Mama, Abdikafi nimempata. Anafanya kazi kiwanda cha mikate, zamu ya asubuhi. Ile kaseti aliyonitumia fundi wa Garissa, aliyorekodi Maalim kwa ajili yake, nilimchezea. Maalim alitoka na sauti ya mtoto mdogo. Abdikafi alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema rudisha nyuma. Tuliisikiliza mara nne. Mara ya nne hakucheka. Akaniomba kaseti, akaitia mfukoni mwa koti, akaondoka. Nilimuuliza nimwambie nini baba yake. Hakusema kitu."

Kisha akaendelea na habari za viatu alivyomnunulia mama yake.

Hakuna aliyenitazama. Nilikuwa nimeinamia redio kama mtu anayetafuta stesheni. Mwishowe Fartun akasema, "Kwa hiyo kaseti iliyomezwa ilikuwa yako."

"Yangu."

"Na barua za posta?"

"Hazikuwapo."

"Na samaki?"

"Samaki pia ni wangu."

Mzee Sakariye akakohoa, na nadhani alikuwa anacheka, Mungu amzidishie umri. Rukiyo hakucheka. Alisogea mpaka mbele, akaketi karibu na mashine, mahali pa mwenye kaseti, akanivuta mkono nikae pembeni yake. "Rudisha nyuma, Maalim," akasema. "Pale penye kijana." Nikarudisha. Tukasikiliza. Akasema tena. Nikarudisha mpaka mawe yakachoka na Hamda akaanza kuzeeka mdomoni, polepole, kama siku zile. Ndipo watu wakavaa viatu.

Hiyo ndiyo habari. Hakusema kitu. Nimeandika sentensi hii mara mbili kwenye karatasi nyingine, na bado ni ile ile. Lakini kaseti iko mfukoni mwa koti lake, na huko ni baridi, nadhani koti halivuliwi.

Jua limerudi. Asubuhi nayaanika mawe juu ya bati, alasiri nayatia ndani, nabonyeza kuona kama nguvu ipo, nazima.

Blanketi usimpe Maow. Barabara ikikauka, lilete mwenyewe.

Bare